Bima ya Afya na Gharama za Usingizi Wakati wa Upasuaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakazi wa Tanga

Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo wagonjwa na ndugu zao huyapeleka kwenye madawati ya bima ya hospitali za Tanga Mjini, Muheza, Korogwe na Pangani, na aghalabu huulizwa ikiwa imebaki siku moja au mbili kabla ya upasuaji, wakati muda wa kurekebisha jambo umeshakuwa mfupi. Majibu yanahusu mifumo mitatu inayotumiwa na wakazi wengi wa mkoa huu: Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambao kila mtu anauita NHIF, Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF iliyoboreshwa, na bima za kampuni binafsi ambazo waajiri wa viwandani, bandarini na kwenye miradi mikubwa huwakatia wafanyakazi wao. Pale mifumo hii inapoachana njia, tumesema.

Je, bima ya afya hulipia dawa ya usingizi?

Hulipia, ikiwa upasuaji wenyewe unalipiwa. Hili ndilo jibu linalobeba mengine yote, na anayelishika vizuri atajiokoa na mkanganyiko mwingi. Katika bima nyingi za hapa nchini usingizi hauhesabiwi kuwa tiba inayojitegemea, kwa sababu hakuna mtu anayelazwa ili alazwe usingizi tu. Analazwa usingizi ili apasuliwe, azibuliwe, aunganishwe mfupa au achunguzwe. Kwa hiyo bima ikikubali tendo lile, usingizi nao huwa umekubaliwa pamoja nalo, na bima ikilikataa tendo, usingizi nao hukataliwa hata kama mgonjwa ana sababu njema kiasi gani ya kuuhitaji.

Kutokana na hilo, mtu anayepiga simu kwa bima yake na kuuliza kama usingizi unalipiwa mara nyingi hupata jibu la "ndiyo" ambalo halimsaidii. Aulize kuhusu upasuaji kwa jina lake kamili kama daktari alivyouandika, ataje hospitali utakapofanyika, kisha aulize ni vitu gani vimeachwa nje ya bei iliyokubaliwa.

Gharama ya usingizi inajumuisha nini hasa?

Watu wengi hudhani ni sindano moja. Kwa kweli ni mkusanyiko wa vitu vingi: dawa zenyewe, kama ketamini, propofoli au bupivakaini, gesi ya usingizi na oksijeni, matumizi ya mashine, mirija, sindano na vifaa vinavyotupwa baada ya mgonjwa mmoja, vipimo vinavyofuatilia mapigo ya moyo, shinikizo la damu na kiwango cha oksijeni tangu mwanzo hadi mwisho, kazi ya mtaalamu wa usingizi, ambaye haondoki kichwani pa mgonjwa muda wote, na saa za uangalizi katika chumba cha kuzindukia. Kuna pia tathmini ya kabla ya upasuaji, ambapo mtaalamu huyo hukuuliza juu ya mzio, meno yanayolegea, dawa unazotumia na upasuaji uliopita, kisha huamua usingizi upi unakufaa.

Aina zake ni nne kwa ufupi. Nusu kaputi ni usingizi wa mwili mzima, na ndiyo unaotumia mashine, gesi na muda mwingi wa uangalizi. Sindano ya mgongo hufisha ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, na hutumika sana kwa kina mama wanaojifungua kwa upasuaji, kwa ngiri na kwa mifupa ya miguu. Ganzi ya sehemu ni ile ya jino, ya jicho au ya kidonda kinachoshonwa. Ya nne ni dawa ya kutuliza, ambayo humfanya mgonjwa asinzie bila kupoteza fahamu kabisa, na hii ndiyo inayosahauliwa mara nyingi wakati wa kuomba kibali.

Mbona kwenye ankara yangu hakuna mstari unaotaja usingizi?

Kwa sababu upasuaji hapa kwetu kwa kawaida hulipwa kwa bei moja ya tendo zima, ambayo ndani yake mna kazi ya mpasuaji, chumba cha upasuaji na usingizi. Katika hospitali za Serikali mtaalamu wa usingizi ni mwajiriwa mwenye mshahara, awe daktari bingwa au muuguzi aliyesomea kazi hiyo, na hana sababu ya kukuletea hesabu yake peke yake. Madaktari bingwa wa usingizi nchini ni wachache, na sehemu kubwa ya kazi hii wilayani hufanywa na wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu. Bei ya bima haibadiliki kwa sababu hiyo.

Katika hospitali binafsi hali yaweza kuwa tofauti kidogo. Hospitali isiyo na bingwa wake humwalika mmoja kutoka kwingine siku ya upasuaji na kumlipa kwa kazi ile. Malipo hayo ni shauri la hospitali na daktari wake. Ukiletewa karatasi ya pembeni inayosema "ada ya daktari wa usingizi" ilhali bima imeshakubali bei ya tendo zima, usilipe kabla ya kupita dawati la bima na kuuliza kwa nini ada hiyo haimo ndani ya bei. Mara nyingine ina maelezo ya haki, kwa mfano bima yako binafsi imeweka ukomo wa ada ya daktari na ukomo huo umevukwa. Mara nyingine haina.

Ndugu yangu aliyeko Marekani aliletewa bili ya daktari wa usingizi peke yake. Kwa nini huko ni hivyo?

Swali hili huulizwa sana, na hofu ya watu wengi juu ya usingizi imetoka kwenye simulizi za namna hii. Nchini Marekani daktari wa usingizi mara nyingi hafanyi kazi chini ya hospitali bali katika kampuni yake au kikundi chake, na ana mkataba wake na bima au hana kabisa. Hesabu yake hupatikana kwa kujumlisha vizio vya msingi, vinavyotegemea uzito wa upasuaji, na vizio vya muda, ambavyo kwa kawaida ni kimoja kwa kila dakika 15, kisha jumla huzidishwa kwa bei ya kizio. Upasuaji wenye vizio 6 vya msingi uliochukua dakika 90 utakuwa na vizio 12.

Zamani mgonjwa aliweza kwenda hospitali iliyo ndani ya mkataba wa bima yake, akafanyiwa upasuaji na daktari aliye ndani ya mkataba, kisha akaletewa bili nzito na daktari wa usingizi ambaye hakumchagua wala hakumjua, na ambaye yuko nje ya mkataba. Sheria ya kuzuia bili za kushtukiza ilianza kutumika huko tarehe 1 Januari 2022, na usingizi ni mojawapo ya huduma ambazo mgonjwa hawezi hata kuombwa asaini kuachia kinga hiyo. Mabishano hayajaisha: Novemba 2024 kampuni ya Anthem Blue Cross Blue Shield ilitangaza kwamba katika baadhi ya majimbo itaweka kikomo cha muda wa usingizi itakaoulipia, ikapingwa vikali, na Desemba mwaka huohuo ikauondoa mpango huo. Kwa mgonjwa wa Tanga mwenye NHIF, hesabu ya dakika haimhusu. Upasuaji ukichukua saa tatu badala ya moja na nusu, bei ya tendo ni ileile.

Nina CHF iliyoboreshwa. Je, nikipasuliwa nitalipiwa usingizi?

CHF iliyoboreshwa, iliyoanza mwaka 2018 kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya yenye watu wasiozidi sita, imejengwa kwa kufuata ngazi: unaanza zahanati au kituo cha afya, unapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na hatimaye hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Tanga ni Bombo. Upasuaji uliomo ndani ya mafao yake huja na usingizi wake. Yanayowaumiza wanachama ni mambo mawili. La kwanza ni kuruka ngazi, yaani kutoka nyumbani moja kwa moja hadi Bombo bila karatasi ya rufaa, ambako kadi itakataliwa isipokuwa hali ni ya dharura. La pili ni kuvuka ngazi ya hospitali ya mkoa. Mgonjwa akihitaji kupelekwa KCMC Moshi au Muhimbili, CHF haimfuati huko, na familia inabidi ijipange kwa gharama yote, usingizi ukiwamo. Mwenye maradhi ambayo daktari ameshadokeza kwamba huenda yakahitaji hospitali ya kanda anapaswa kulifikiria hili mapema, wala asingoje siku ya gari la wagonjwa.

Kibali cha upasuaji huombwa na nani, na kinapaswa kuandikwa nini?

Huombwa na hospitali. Kazi ya mgonjwa ni kuhakikisha kwamba kimeombwa na kwamba kilichoandikwa ndicho kitakachofanyika. Hapa panahitaji subira, kwa kuwa makosa mengi ya malipo yanazaliwa kwenye karatasi hii.

Ombi zuri hutaja jina la ugonjwa, jina la tendo, hospitali, tarehe inayotarajiwa, iwapo mgonjwa atalazwa au atarudi nyumbani siku hiyohiyo, na aina ya usingizi pale ambapo si ya kawaida kwa tendo hilo. Tuchukulie mtu mzima anayetolewa uvimbe mdogo begani. Kazi hii kwa kawaida hufanywa kwa ganzi ya sehemu, na bima itaipa bei ya upasuaji mdogo. Mgonjwa huyohuyo akiwa na maradhi yanayomzuia kutulia, daktari anaweza kuamua kumpa nusu kaputi. Uamuzi huo ni wa kitabibu na una haki yake, lakini usipoelezwa kwa maandishi kabla, mkaguzi wa madai atauliza kwa nini upasuaji mdogo umetumia chumba kikubwa na mashine, na mzozo huo waweza kuishia mlangoni kwako.

Kibali pia kina muda wake wa kuisha. Upasuaji ukisogezwa mbele kwa wiki kadhaa, uliza kama kile cha mwanzo bado kinatumika. Na ukikabidhiwa nakala, iweke pamoja na kadi, usiiache ndani ya faili la hospitali.

Upasuaji uliahirishwa kwa sababu nilikula asubuhi. Nani analipia siku hiyo?

Chakula cha kawaida huzuiwa saa sita kabla ya usingizi, na maji meupe saa mbili kabla, kwa sababu tumbo lenye chakula laweza kurudisha kilichomo hadi kwenye mapafu mgonjwa akiwa hajitambui. Mtaalamu akiahirisha kazi kwa sababu hiyo, amekulinda. Bima kwa kawaida hailipi tendo ambalo halikufanyika, ila italipa kitanda na vipimo vilivyokwisha kufanywa. Tatizo hutokea vipimo vinaporudiwa, maana bima binafsi yenye ukomo mdogo itavihesabu mara mbili. Ndugu wanaompelekea mgonjwa uji alfajiri kwa huruma waambiwe hili waziwazi.

Vipimo vya kabla ya usingizi vinaingia fungu gani?

Vipimo vya wingi wa damu, kundi la damu, sukari, figo, picha ya kifua au kipimo cha umeme wa moyo huandikwa peke yake, nje ya bei ya upasuaji. Kwa mwanachama wa NHIF jambo hili halimsumbui sana. Kwa mwenye bima binafsi linasumbua, kwa sababu bima hizo hugawa mafao katika fungu la mgonjwa wa nje na fungu la mgonjwa anayelazwa. Ukivifanya vipimo wiki moja kabla ya kulazwa, vitakatwa kwenye fungu la mgonjwa wa nje, ambalo ndilo dogo, na huenda mtoto wako akaja kukosa matibabu ya homa mwezi unaofuata. Baadhi ya bima hukubali kuvihesabu vipimo hivyo ndani ya fungu la kulazwa endapo vimeombwa pamoja na kibali cha upasuaji. Kuuliza hakukugharimu chochote.

Nimeambiwa dawa ya usingizi imekwisha hospitalini, nikanunue mwenyewe. Je, nitarudishiwa fedha?

Usinunue kwanza. Pita dawati la bima ueleze kwamba dawa imekosekana, kwa kuwa NHIF ina maduka ya dawa iliyoyasajili, na mgonjwa huelekezwa huko kwa fomu maalumu iliyojazwa na kupigwa mhuri na hospitali, akachukua dawa bila kutoa fedha. Mwenye bima binafsi naye ana orodha ya maduka yanayopokea kadi yake.

Ninavyoona mimi, kulipa mfukoni kwa matumaini ya kurudishiwa baadaye ni njia ya mwisho kabisa. Pale inapolazimu, kwa mfano usiku wa dharura, dai risiti ya mashine ya kielektroniki yenye jina la dawa, kiasi na tarehe, na mwombe daktari aandike kwenye faili kwamba dawa haikuwapo. Karatasi ya mkononi isiyo na mhuri haitasaidia kitu. Tena fahamu kwamba dawa za usingizi si za kununuliwa kiholela. Nyingine zinadhibitiwa kisheria, na duka halitampa ndugu aliyekuja na jina la dawa kwenye simu tu.

Je, kujifungua kwa upasuaji kunalipiwa pamoja na usingizi?

Ndiyo, kwa mifumo yote mitatu, kwa masharti ya kila mmoja. Sera ya Serikali inawaondolea wajawazito malipo katika vituo vya umma hata wasipokuwa na bima, ingawa anayetaka chumba cha daraja la juu au hospitali binafsi atalipa au atatumia bima yake. Bima binafsi kwa kawaida huweka kipindi cha kungoja kwa mambo ya uzazi, aghalabu kati ya miezi kumi na mwaka mmoja tangu kujiunga, na huweka ukomo wa uzazi ulio tofauti na ukomo wa kulazwa. Ukomo huo ndio unaobeba upasuaji, usingizi, kitanda na mara nyingine hata matunzo ya mtoto mchanga, kwa hiyo huisha haraka kuliko watu wanavyotarajia.

Ama dawa ya kupunguza uchungu wa uzazi kwa njia ya mrija mdogo mgongoni, hiyo ni shauri jingine. Haipatikani katika hospitali nyingi za mkoa kwa sababu inahitaji mtaalamu wa kumkalia mama kwa saa nyingi, na panapopatikana baadhi ya bima huihesabu kuwa ni hiari ya mgonjwa. Anayeitaka aulize mapema na apate jibu kwa maandishi, kwani uchungu ukishaanza hakuna atakayekuwa na nafasi ya kusoma mkataba.

Mzee wangu ana busha. Kuna haja ya bima?

Ukanda wetu wa pwani umesumbuliwa kwa muda mrefu na matende na mabusha, maradhi yanayoletwa na minyoo inayosambazwa na mbu, na Tanga imekuwa miongoni mwa mikoa iliyolengwa na mpango wa Serikali wa kuyatokomeza. Chini ya mpango huo zimekuwa zikiandaliwa kambi za upasuaji wa mabusha ambazo mgonjwa hatozwi kitu, ikiwa ni pamoja na ganzi au sindano ya mgongo. Ulizeni kwa mganga mkuu wa wilaya au kituo cha afya kilicho karibu kama kuna kambi inayotarajiwa.

Kambi isipokuwapo, busha ni ugonjwa kama mwingine wowote na upasuaji wake haumo katika kundi la urembo. Kadi ya NHIF inafanya kazi. Wazee wengi huchelewa kwa haya, si kwa gharama, na mtu aliyekaa na busha miaka mingi mara nyingi ameshapata presha au sukari ya kuhitaji tathmini ya ziada kabla ya usingizi. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana msamaha wa malipo katika hospitali za Serikali, lakini lazima awe ametambuliwa na kupewa kitambulisho cha msamaha na serikali yake ya mtaa au kijiji.

Mwenye presha au kisukari hutozwa zaidi kwa usingizi?

Bei ya tendo haipandi. Kinachopanda ni yanayolizunguka: vipimo zaidi, ushauri wa daktari wa moyo, siku za ziada kitandani, na pengine usiku mmoja katika chumba cha uangalizi maalumu. Hicho cha mwisho ndicho ghali, na katika bima binafsi mara nyingi kina ukomo wake wa siku. Mtaalamu wa usingizi akikuambia kabla ya upasuaji kwamba huenda ukahitaji chumba hicho, mwombe aliandike katika ombi la kibali. Na kama uliificha presha yako ulipojaza fomu ya kujiunga na bima binafsi, ujue faili la usingizi huandika kila kitu, na bima hulisoma.

Meno na macho je?

Ganzi ya kung'oa jino imo ndani ya bei ya kung'oa jino, na ganzi ya upasuaji wa mtoto wa jicho imo ndani ya bei ya upasuaji huo. Bima binafsi huweka meno na macho katika mafungu yao madogo, hivyo angalia salio kwanza.

Mtoto anahitaji kulazwa usingizi ili apigwe picha tu. Hilo linalipiwa?

Hili ni mojawapo ya matundu ambamo fedha huvujia. Mtoto mdogo hawezi kutulia ndani ya mashine ya picha za kina kwa dakika 30 au zaidi, kwa hiyo hupewa dawa ya kutuliza au nusu kaputi. Ombi la kibali, hata hivyo, mara nyingi huandikwa "kipimo" pekee, na bima hukubali kipimo pekee. Mzazi anafika mji mwingine na mtoto aliyeshinda njaa, anaambiwa usingizi haumo. Hakikisha maneno "pamoja na dawa ya usingizi" yameandikwa, na umri wa mtoto umetajwa. Hali ni ileile kwa mtu mzima anayepitishiwa mpira wenye kamera tumboni akiomba asinzie: kipimo kinaweza kufanywa kwa ganzi ya koo tu, na bima ina haki ya kuuliza sababu ya kufanya zaidi ya hapo.

Upasuaji wa urembo?

Haulipiwi, wala usingizi wake. Kurekebisha kovu la moto linalozuia kiungo kukunjika si urembo, ilimradi daktari ameeleza hivyo.

Nimeumia kazini, au nimegongwa na bodaboda. Nitumie bima gani?

Aliyeumia kazini, awe kuli wa bandarini au mkata mkonge shambani, analindwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na mfuko huo ndio unaopaswa kubeba matibabu yake, upasuaji na usingizi ukiwamo, mara mwajiri anapotoa taarifa. Waajiri wengine hupenda mfanyakazi atumie kadi yake ya afya ili jambo liishe kimya. Usikubali, kwa sababu taarifa isipofika WCF, fidia ya ulemavu utakaobaki nayo baadaye itakuwa ngumu kuidai.

Ajali ya barabarani ni dharura, na dharura haingoji kibali wala rufaa. Mgonjwa hutibiwa kwanza, kisha bima hupewa taarifa. Kampuni binafsi nyingi hutaka taarifa hiyo ndani ya saa 24 hadi 48. Gharama ambazo bima yako ya afya haikuzilipa unaweza kuzidai kwenye bima ya chombo kilichokugonga, na kwa hilo utahitaji taarifa ya polisi, fomu ya PF3 na risiti zako zote.

Nina ukomo wa mwaka na ninachangia asilimia 10. Nitalipa kiasi gani?

Tuchukue mfano wa kubuni. Fungu lako la kulazwa ni shilingi 6,000,000 kwa mwaka, na Machi ulivunjika mguu ukatumia 3,500,000. Agosti unapasuliwa kidole tumbo katika hospitali binafsi, na ankara yote pamoja na usingizi ni 3,200,000. Mchango wako wa asilimia 10 ni 320,000, na sehemu ya bima ingekuwa 2,880,000. Lakini salio la bima ni 2,500,000 tu. Bima italipa hiyo, na wewe utalipa 700,000, ambamo ule mchango wa 320,000 umeshaingia. Kuna hospitali ambazo karani hujumlisha mara mbili na kudai 1,020,000. Hesabu hiyo si sahihi, na inafaa kupingwa palepale kwa heshima na kwa kalamu.

NHIF haina utaratibu wa salio la fedha kwa mwaka wa namna hii kwa watumishi wanaokatwa asilimia 3 ya mshahara huku mwajiri akiongeza 3 nyingine. Inaongozwa na orodha ya mafao na bei zake. Bei hizo ndizo zilizozua mvutano na hospitali binafsi pale kitita kipya, yaani orodha mpya ya mafao na bei zake, kilipoanza kutumika tarehe 1 Machi 2024, na mgonjwa anayekwenda hospitali binafsi anafanya vyema kuuliza kwanza kama bado inapokea kadi yake.

Bima imekataa kulipa. Nianzie wapi?

Omba sababu kwa maandishi. Ukisoma sababu utagundua mara nyingi kwamba kosa ni la karatasi: jina la tendo halilingani na kibali, saini ya mgonjwa haipo kwenye fomu ya madai, au rufaa haikuambatishwa. Makosa hayo hurekebishwa na hospitali yenyewe. Likiwa ni jambo la mafao, mwanachama wa NHIF aende ofisi ya mkoa ya Mfuko na barua ya daktari inayoeleza kwa nini usingizi ule ulihitajika. Mwenye bima binafsi aanze na kampuni yake, akishindwa apeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye kazi yake ni kusikiliza mashauri ya namna hii nje ya mahakama.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote italeta nini juu ya usingizi?

Bunge liliipitisha Novemba 2023, na msingi wake ni kwamba kila mkazi awe na bima yenye kitita cha mafao ya msingi. Kanuni ya usingizi kufuata upasuaji haigeuki. La kusoma ni orodha ya matendo yaliyomo kwenye kitita cha msingi na yale yaliyoachiwa kitita cha nyongeza.

Naishi karibu na Horohoro, na Mombasa ni karibu kuliko Dar es Salaam. Naweza kupasuliwa huko kwa kadi yangu?

Kadi ya NHIF ya Tanzania hutumika katika vituo vilivyosajiliwa na Mfuko hapa nchini. Isichanganywe na NHIF ya Kenya, mfuko mwingine kabisa uliokuwa na jina linalofanana, ambao nafasi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Baadhi ya bima binafsi za waajiri hugharamia matibabu katika nchi za Afrika Mashariki, ila huhitaji kibali kabla ya kuvuka mpaka. Hospitali nyingi binafsi za Kenya huweza kutenga ada ya daktari wa usingizi na ada ya mpasuaji katika ankara, kwa hiyo omba makadirio yanayozitaja zote mbili, kwa shilingi ya Kenya, na uyapeleke kwa bima yako ikujibu kabla hujapanga siku ya safari.